Waifai inayokatika usiku tu
Ndugu, kama mchana iko sawa na usiku ndiyo inakatika, usikimbilie kununua ruta mpya. Kwanza chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, saa zile zile za usiku. Ikikatika na hapo, huenda tatizo ni laini ya intaneti inayoingia nyumbani, wapigie watoa huduma. Isipokatika, huenda shida ni mawimbi: majirani wamerudi nyumbani na ruta zenu zinagombania chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi. Kwenye mipangilio ya ruta, katika masafa ya 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi, ila kuta za tofali huyameza haraka. Na tafadhali, itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, mahali pa wazi. Kwangu hilo peke yake lilitosha.