Zilipendwa, zilizopendwa, na harusi ya Chikongola

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi tulikuwa na harusi ya dada yangu hapa Chikongola, Mtwara. Usiku ulipokolea, dijei akatangaza, "Sasa tunaingia kwenye zilipendwa," akaanza kupiga Bongo Fleva za miaka ya 2000. Mjomba wangu aliyetoka Lindi akakataa katakata. Kwake zilipendwa ni muziki wa dansi wa kina Mbaraka Mwinshehe, hizi za juzi haziwezi kuitwa hivyo. Binamu yetu anayeishi Mombasa akasema wote wamekosea, neno lenyewe ni "zilizopendwa". Mimi kilichonikera ni kingine. Kila nyimbo iliyopigwa iliinua watu wote, hata watoto. Kitu kinachopendwa namna hiyo tunakisemaje kwa "zilipendwa", kana kwamba mapenzi yamekwisha? Naomba utuamue.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa harusi. Nimelisoma swali lako mara tatu kwa furaha, maana ndani yake mna maswali matatu, na kila aliyesema neno siku ile ana kipande cha haki.

Nianze na binamu. Kisarufi hajakosea. Katika "zilizopendwa" kuna kirejeshi -zo-, kinachofanya kazi ya "ambazo": nyimbo zilizopendwa, yaani nyimbo ambazo zilipendwa. Neno la aina hii linaweza kusimama peke yake hata jina likidondoshwa. Ndivyo tunavyosema "waliohudhuria wapewe soda", na ndivyo wahenga walivyosema "yaliyopita si ndwele". Kwa hiyo Wakenya waliposhika "zilizopendwa" kuwa jina la muziki wao wa zamani, walifuata njia iliyonyooka.

Huku kwetu tulipita njia nyingine. "Zilipendwa" haina kirejeshi. Ukiipasua ni zi-li-pend-wa, sentensi nzima iliyokamilika. Nyimbo zimefanya nini? Zilipendwa. Halafu sentensi hiyo tumeichukua tukaifanya jina la kitu. Mtu anayejua sarufi ya darasani tu anaweza kudhani hilo ni kosa lililozoeleka. Mimi nasema hapana, kwa kuwa Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo siku nyingi. Tazama salamu uliyonipa mwanzoni mwa barua. "Shikamoo" asili yake ni maneno ya mtu anayesema anashika miguu ya mkubwa wake, lakini leo tunasema "nipe shikamoo yangu" kama tunavyosema "nipe kalamu yangu". Mama ntilie naye amepata jina kwa agizo la mteja, "nitilie", na ile "ni" ikafinywa mpaka ikabaki "n". Shati la pekee linalofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi tunaliita kauka nikuvae. Mchezo wa kamari wa barabarani ni patapotea. Hizo zote ni kauli zilizogeuka majina, na zilipendwa ni ndugu yao wa damu.

Tahadhari moja tu hapa. Neno likisimama peke yake kama jina, sema "zilipendwa": dijei kapiga zilipendwa. Ukitaka kueleza nyimbo, sema "nyimbo zilizopendwa" au "nyimbo za zilipendwa". Lakini "nyimbo zilipendwa zitapigwa saa nne" ni sentensi iliyovunjika kiuno, kwa sababu ina vitenzi viwili vinavyogombania kiima kimoja bila kirejeshi cha kuvipatanisha. Naisikia mara kwa mara kwenye matangazo ya magari ya vipaza sauti hapa mjini, na inaniuma kweli.

Sasa nije kwenye lililokukera, ambalo kwangu ndilo lenye nyama. Unauliza kama -li- inamaanisha kitu kimekwisha. Kiambishi -li- hulitia tendo katika wakati uliopita. Hakitoi habari ya yaliyofuata. Dada yako aliolewa juzi. Hakuna anayesikia hapo kwamba ndoa imevunjika. Babu alizikwa Mikindani, na mpaka leo yuko palepale. Tukisema nyimbo zilipendwa tunasema kulikuwa na siku zilipoingia masikioni mwa watu na kuwashika. Kama bado zinawashika, -li- haina kauli juu ya hilo.

Hata hivyo sikio lako halikukudanganya kabisa. Kitenzi "penda" si kama "zika" au "oa". Kupenda ni hali inayodumu, na mtu mwenye nafasi ya kusema "nampenda" akichagua "nilimpenda", msikilizaji atajiuliza kwa nini ameiacha -na-. Ndiyo maana "nilimpenda" peke yake ina harufu ya majonzi. Na vijana wamelipeleka neno mbali zaidi: mpenzi wa zamani siku hizi huitwa zilipendwa, na hapo hufuata upatanisho wa watu, "zilipendwa wake alikuja harusini". Katika matumizi hayo, ndiyo, mapenzi yamekwisha. Gari lililochoka nalo ni "gari la zilipendwa". Nadhani ni maana hizi za mtaani zilizokutia shaka. Kwenye muziki neno limebaki na heshima yake.

Na muziki wenyewe unathibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya, lugha ya Kagera, upande wa pili kabisa wa nchi kutoka kwetu. Nakumbuka safari moja ya basi kutoka Dar es Salaam kuja Mtwara miaka hiyo. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limekwisha kufunguliwa, mwaka 2003, tukawa tumepona foleni ya kivuko, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga hakikuwa na lami, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulikwama. Wanaume wakashuka kusukuma, kina mama wakakaa kando na watoto, na kanda ya dereva ikaendelea kuimba ndani ya basi lililozama tope mpaka kwenye ekseli. Ulipofika wimbo wa Saida, abiria waliitikia kiitikio chote kwa sauti, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, na sijui kama hata mmoja wetu alikijua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo uleule, wakauita "Salome", na watoto wasiokuwapo siku ya tope wakaucheza kama umetungwa jana. Ulipendwa, na unapendwa. Lugha inaruhusu yote mawili kwa pamoja bila kugongana.

Kuhusu mjomba, nakuomba umwendee kwa upole, kwa sababu anatetea kumbukumbu ya kweli. Kwa miaka mingi redio ya taifa, Redio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa masikio ya Bara nzima. Bendi za dansi zilirekodi katika studio zake, na redio binafsi zilikuja katika miaka ya 1990. Mtu aliyekulia Lindi enzi hizo neno zilipendwa alilipokea pamoja na magitaa na matarumbeta ya dansi. Vilipokuja kwake pamoja, akavifunga pamoja.

Lakini hebu afikirie jambo moja. Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia mwaka 1979. Katika miaka yote aliyokuwa akipanda jukwaani na Morogoro Jazz, nyimbo zake zilikuwa mpya. Watu waliziita vibao, walizinunua kwenye sahani za santuri. Neno zilipendwa lilizikuta baadaye, zilipokwisha kupata umri. Yaani jina hili tangu mwanzo ni la umri, si la aina ya muziki. Chukua wimbo wa 1973: mwaka 1995 ulikuwa umefikisha miaka 22, na sidhani mjomba angekataa kuuita zilipendwa mwaka huo. Wimbo wa Bongo Fleva wa 2003 ulifikisha miaka hiyohiyo mwaka 2025. Ali Kiba alipotoa "Cinderella" mwaka 2007, mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ni mtu mzima mwenye kadi ya kupigia kura. Neno limehama kwa haki kabisa.

Kwenye mkusanyiko wenye wazee na vijana, hata hivyo, ni adabu kutaja ni zilipendwa zipi: zilipendwa za dansi, zilipendwa za taarabu, zilipendwa za Bongo Fleva. Na ukisema "miaka ya 2000" ongeza "mwanzoni mwa" kama unakusudia ile kumi ya kwanza. "Miaka ya sabini" kila mtu anajua inaishia 1979, lakini "miaka ya 2000" wengine huisikia kuwa ni tangu hapo hadi leo.

Kuna jambo hukuliuliza, ila siwezi kuliacha lipite. Umeandika "kila nyimbo iliyopigwa iliinua". Andika "kila wimbo uliopigwa uliinua". Wimbo ni mmoja, nyimbo ni nyingi, kama ulimi na ndimi, ukuta na kuta. Hata wasanii wakubwa husema redioni "nyimbo yangu mpya", na naelewa inakotoka. Nyumba hii, nyumba hizi. Njia hii, njia hizi: majina mengi yanayoanza na sauti hiyo hayabadiliki kwa wingi, basi "nyimbo" ikavutwa huko, kama "funguo yangu imepotea" ilivyovutwa. Nashuku pia neno "ngoma" limesaidia. Tangu vijana waanze kuiita kila kazi ya msanii ngoma, "ngoma hii kali", ulimi umezoea upatanisho wa i-, na mtu akirudi kwenye "nyimbo" anarudi na upatanisho huohuo.

Hilo lina uhusiano na swali lako, kwa sababu ile zi- ya zilipendwa ni zi- ya wingi, ya nyimbo hizi. Zikiwa nyingi, sema "zilipendwa hizi" au "zilipendwa zile za mwisho". Ukitaka kutaja moja, usiseme "ilipendwa" wala "ulipendwa" kama jina; sema "wimbo mmoja wa zilipendwa". Na binamu akiwa Mombasa aendelee na zilizopendwa zake, akifika Chikongola atuachie zetu.