Mwenye nyumba ataka godauni letu la muziki

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi na wenzangu tumekodi godauni hapa Shimanzi tangu 2019. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi twapiga panki, ile roki ya kasi na makelele. Makasha ya spika tuliyagonga wenyewe kwa plaiwudi, kiingilio ni shilingi 100, pombe haingii. Juzi mwenye nyumba amepiga simu: kodi mara mbili, la sivyo tutoke mwezi ujao. Mkataba wa maandishi hatuna. Ndio mwisho wetu?
Mpiga ngoma, Shimanzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu si notisi.

Zamani nilikuwa fundi mitambo wa kikundi cha tarabu. Chumba chetu cha mazoezi Majengo kilitutoka vivi hivi: mwenyewe alikuja na kufuli, tukabeba kinanda na spika tukaondoka usiku. Tulidhani asiye na karatasi hana haki. Hadi leo naumia, maana Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, humlinda hasa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Kupandisha kodi au kukutoa kwataka notisi ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi 2. Ikija, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama wakubali au la, na ukikataa upeleke shauri kwa baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kazi.

“Duka” kwa sheria hiyo ni pamoja na mahali pa huduma ya kulipiwa, kwa hivyo shilingi 100 yenu ya mlangoni ni shahidi wenu. Iandikeni daftarini kila onyesho. Kodi ya zamani endeleeni kuilipa kwa M-Pesa, si mkononi.

Lakini kulindwa si kumiliki. Hilly Kristal alifungua ukumbi wa muziki wa CBGB mtaa wa Bowery, New York, mwaka 1973, na bendi ya panki ya Ramones ikaanza kupiga hapo mwaka uliofuata. Mwaka 2005 alidaiwa malimbikizo ya kodi akaenda kortini, na hakimu akampa haki. Mwezi huohuo mkataba wake ukaisha, haukufanywa upya. Mwimbaji Patti Smith alipiga usiku wa mwisho, tarehe 15 Oktoba 2006. Kristal alifariki mwaka uliofuata. Ile kesi aliyoshinda haikumpa hata mlango.

Ndiyo maana nawaomba, mkishapata nafasi ya kupumua, mdai mkataba ulioandikwa, na muwe wengi wa kuubeba. Ukumbi wa panki wa 924 Gilman Street, Berkeley, California, ulifunguliwa tarehe 31 Desemba 1986 na hadi leo waendeshwa na watu wa kujitolea: huyu mlangoni, yule kwenye mitambo, mwingine ashika fagio. Pombe hakuna, watoto waingia. Nyinyi mmekwisha kuanza hivyo. Je, ukiugua wewe, nani ana ufunguo?

Kesho mwandikie mwenye nyumba barua ya adabu, umwombe aliyoyasema simuni ayaandike, na ubaki na nakala. Jumamosi pigeni kama kawaida. Nitakuja na amplifaya yangu ya tarabu, bado yapiga vizuri.