Kupanda kuba la Brunelleschi mjini Firenze: tiketi, ngazi na mambo ya kutazama njiani

Ukifika Piazza del Duomo, uwanja wa kanisa kuu mjini Firenze (Florence), Italia, utaona foleni ndefu mbele ya kanisa kuu la Santa Maria del Fiore. Usijiunge nayo ukidhani ndiyo ya kupanda kuba. Foleni ile ni ya kuingia kanisani, na kuingia kanisani ni bure. Kuba lina mlango wake, Porta della Mandorla, upande wa kaskazini wa jengo, na huruhusiwi kupanda bila kuwa umeweka siku na saa yako mapema.

Tiketi ziko za aina tatu, na majina yake huwachanganya watu. Ghiberti Pass haina kuba wala mnara wa kengele. Giotto Pass ina mnara, haina kuba. Brunelleschi Pass peke yake ndiyo yenye kuba, pamoja na mnara, jengo la ubatizo, makumbusho na mabaki ya kanisa la kale la Santa Reparata chini ya sakafu. Hii imekuwa ikiuzwa euro 30, nayo hutumika kwa siku tatu. Inunue kwenye tovuti ya Opera di Santa Maria del Fiore yenyewe, taasisi inayolitunza kanisa hili, kwa sababu wanaouza tena huongeza bei. Kwa miezi ya kiangazi, nunua wiki kadhaa kabla.

Hapa kuna mtego kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 8:15 ni saa mbili na robo asubuhi, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Ukichelewa, muda wako umepotea. Saa ya kuba haibadilishwi. Fika robo saa kabla. Mabegi makubwa na mabegi ya mgongoni hayaingii, kwa hiyo yapeleke kwanza mahali pa kuhifadhia mizigo palepale uwanjani, na utenge muda wa kazi hiyo. Mabega na magoti yafunikwe, maana hii ni nyumba ya ibada.

Chagua zamu ya kwanza ya asubuhi. Ngazi ni 463 na hakuna lifti. Njia ni nyembamba, na ikifika saa sita mchana mwezi wa Julai hewa ndani yake huwa nzito. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali, hofu ya kubanwa au kizunguzungu cha urefu asipande, wala mjamzito. Ushauri huu usiupuuze, kwa sababu ukishaanza kupanda kuna watu nyuma yako na kugeuka katikati ni shida kweli.

Kabla ya kupanda, anzia makumbusho, Piazza del Duomo namba 9, nyuma ya kanisa. Watu wengi huyaacha mwisho, wakiwa wamechoka, na kwa maoni yetu hapo ndipo wanapopoteza nusu ya thamani ya tiketi. Humo mna vifaa vya ujenzi na mifano ya mbao ya kuba. Ukiviona kwanza, utaelewa unachopita ndani yake. Filippo Brunelleschi, msanifu wa kuba hili, alianza kazi mwaka 1420 na kuba likakamilika mwaka 1436. Tundu la paa ambalo kuba lilipaswa kuliziba lilikuwa na upana wa mita 45 hivi, na lilianzia zaidi ya mita 50 kutoka ardhini. Kwa kawaida fundi husimamisha kiunzi cha mbao chini ya tao mpaka chokaa ikauke. Kwa tundu la ukubwa ule, lililo juu kiasi kile, kiunzi cha namna hiyo hakikuwezekana.

Jibu lake utaligusa kwa mkono. Kuba ni mawili, moja ndani ya jingine, na ngazi zinapita katikati yake. Tazama matofali: kila baada ya matofali kadhaa yaliyolazwa, moja limesimamishwa wima, na mstari wa yaliyosimama unapanda mshazari kama uti wa samaki. Lililosimama linayabana yaliyolala yasiteleze wakati chokaa bado mbichi. Kwa hiyo kila mzunguko uliokamilika ulijishikilia wenyewe, na mafundi wakasimama juu yake kuanza unaofuata. Ndani ya kuta kuna pia minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, na mmoja wa mbao, ili kuba lisipanuke na kupasuka chini.

Kabla ya kuingia katikati ya makuba mawili, njia hupita kwenye baraza inayozunguka kwa ndani, chini ya picha ya Hukumu ya Mwisho iliyochorwa na Giorgio Vasari na Federico Zuccari kati ya 1572 na 1579. Tulia hapo kadiri walinzi wanavyoruhusu. Kutoka sakafuni sura zile huwezi kuzisoma. Kipande cha mwisho ndicho kikali: ngazi zinapanda moja kwa moja juu ya mgongo wa kuba la ndani. Shika reli, na simu iwe mfukoni.

Mnara wa Giotto, yaani ule wa kengele, una ngazi 414. Usiupange siku ileile kama magoti yako si imara, lakini usiuache, maana ukiwa juu ya kuba huwezi kuliona kuba lenyewe. Picha nzuri ya kuba hupigwa kutoka mnarani.

Siku ya kuingia kanisani, isiwe Jumapili, kwani siku hiyo ni ya ibada na watalii hawapokelewi. Ukiwa ndani, geuka utazame juu ya mlango mkuu. Kuna saa iliyopambwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Mshale wake huenda kinyume na saa za leo, na hesabu yake ya saa 24 huanza jua linapotua. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye saa moja ya usiku huja baada ya magharibi, ataielewa upesi kuliko watalii wengi walio pembeni yake.