Dada, usisaini hiyo Early Decision kabla hujaona bei

Dada mleta mada, nimesoma mpaka pale uliposema chuo "kinampenda sana" binti yako, kimemwandikia barua saba, na mnataka kuomba Early Decision, yaani yale maombi ya mapema ya chuo kimoja yanayokufunga, kabla ya tarehe 1 Novemba. Damu imenichemka. Nimepita hapo hapo, tena hapa hapa Minnesota, na bado nalipa.

Hakimpendi. Hakimjui. Mtoto alipofanya PSAT, ule mtihani wa sekondari wa kujipima kabla ya SAT ya kuingilia chuo, aliulizwa kama anakubali vyuo vimtumie taarifa, akakubali kama wenzake. Vyuo hununua majina hayo. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba jina moja lilikuwa linauzwa senti 47. Andazi hapa ni ghali kuliko hiyo. Paka wetu angefanya mtihani ule, naye angeandikiwa kwamba ana kipaji cha uongozi.

Mwaka 2022 barua za kijana wangu zilijaza ndoo mbili. Moja ilikuwa na sahihi ya bluu chini. Nililowesha kidole nikaisugua nione kama ni wino kweli. Haikufutika. Mwenye akili angejua ni printa; mimi nikasema wino wa wakubwa hautoki. Mama watoto aliuliza kitu kimoja tu: "Barua imetaja bei?" Nikamjibu barua ya heshima haitaji bei. Chekeni tu, nimeshazoea.

Sasa kosa lenyewe. Kulikuwa na "mshauri" mmoja, Mtanzania mwenzetu, tulimlipa dola 600. Akasema Early Decision ndiyo njia ya kuonyesha chuo mapenzi, pesa zitajileta zenyewe. Ile fomu inasainiwa na mtoto, mzazi na mshauri wa shule, kwamba akikubaliwa anakwenda na maombi mengine yote anayafuta. Mimi niliisaini kwa kidole kwenye simu, niko chumba cha mapumziko kazini, zamu ya usiku, nasubiri chakula kipate moto. Dakika mbili hazikuisha.

Desemba akakubaliwa. Barua ya fedha imeandikwa kwa herufi nene: msaada dola 42,000 kwa mwaka! Nikapiga simu Morogoro, bibi yake akapiga vigelegele, Jumamosi tukapika pilau, mchungaji akaja. Hakuna aliyesoma mistari ya chini. Skolashipu ilikuwa 34,000. Zile 5,500 ni mkopo wa mtoto mwenyewe. Zile 2,500 ni kazi ya kufanya hapo chuoni. Mkopo umeitwa msaada, jasho la mtoto limeitwa msaada! Gharama yote ya mwaka ni 78,000. Toa mwenyewe: 36,000 juu yangu, kila mwaka, mimi ninayegeuza wazee vitandani usiku.

Nikamfuata mshauri. Akasema tukijitoa, mtoto atafungiwa vyuo vyote vya Marekani. Uongo mtupu! Msaada usipotosheleza, familia inaruhusiwa kuomba kuachiliwa. Nimekuja kuyajua hayo nimeshaingia kingi mzima mzima. Jamaa siku hizi ukimtumia ujumbe unaona tiki mbili za bluu, basi. Akipita humu ajue namsalimia, na zile 600 nazihesabu.

Nikatoa akiba yote, 5,000, halafu nikachukua Parent PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wazazi, ya 31,000. Kabla haijafika chuoni walishakata zaidi ya 1,300 ya kuandaa mkopo. Riba asilimia 8.05. Na wewe usijidanganye kwamba utaziba pengo kwa njia hiyo, kwa sababu kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 mwisho ni 20,000 kwa mwaka.

Kijana aliondoka baada ya mwaka mmoja. Yuko chuo cha umma, dakika 25 kwa basi kutoka nyumbani. Tangu vuli ya 2024 jimbo letu lina North Star Promise: kipato cha familia kikiwa chini ya dola 80,000, ada ya vyuo vya umma hulipi. Chuo hicho hakikututumia hata kipeperushi kimoja. Yeye anasoma bila ada, baba yake analipia ule mwaka wa mapenzi.

Kwa hiyo nasema hivi: namba kwanza, sahihi baadaye. Kila chuo kinachopokea wanafunzi wenye msaada wa serikali kuu kinalazimishwa kisheria tangu 2011 kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Usishtuke, si kile cha pensheni cha kule nyumbani. Chukua fomu zako za kodi, jaza kipato, idadi ya watoto, akiba. Kitakupa makadirio ya kinachobaki kwako baada ya skolashipu. Wakikwambia "utabakiwa na kiasi hiki", angalia kama humo wameshapunguza mkopo, maana wengine wanaupunguza kimyakimya.

Halafu ipigie simu ofisi yao ya misaada ya fedha. Si ile ya udahili, hao kazi yao ni kukuchekea. Uliza hivi hivi: "Bila kuhesabu mikopo na kazi ya chuoni kama msaada, nabaki na dola ngapi za kulipa?" Wakijiumauma, umeshapata jibu.

Lifanye leo usiku kabla binti hajabonyeza chochote. Ukipata namba, rudi uiandike hapa tuitazame wote.