Jibu: Usalama wa mabweni na kupiga makasia Cambridge

Dada, hongera kwa mwanao kupata nafasi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Umeuliza kama bweni ni salama na kama makasia yatamla muda wa masomo.

Kuhusu usalama, punguza wasiwasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hukaa kwenye makazi ya koleji yake (mojawapo ya vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu hicho), na langoni kuna mabawabu. Hao si walinzi tu: wanatunza funguo, wanapokea vifurushi, na mtoto akiugua usiku ni watu wa kukimbilia. Anachopaswa kulinda hasa ni baiskeli, maana mji ule una wezi wa baiskeli kweli kweli. Anunue kufuli nene la chuma, na afunge fremu yenyewe, si gurudumu peke yake.

Makasia mwache ajaribu, ila ajue kuogelea kwanza. Mazoezi mengi ni alfajiri, kwenye baridi, kabla ya vipindi. Mto Cam, unaopita mjini hapo, ni mwembamba, mashua haziwezi kushindana sambamba, kwa hiyo hupangwa moja nyuma ya nyingine, zikiachana kama urefu wa mashua moja na nusu. Mshika usukani anakamata mnyororo uliofungwa ukingoni mpaka mzinga ulie, halafu kila mashua inaifukuza iliyo mbele ili iiguse. Mkiigusa, kesho yake mnabadilishana nafasi. Mimi naupenda mchezo huu kwa sababu hata asiyewahi kushika kasia anapokelewa. Timu za wanaoanza huundwa muhula wa kwanza, Oktoba. Mitihani ikikaribia na vitabu vikimwelemea, apumzike. Wengi hufanya hivyo.