Nilianza kazi ya PR (uhusiano wa umma) wakati hakuna anayeajiri, wacha niseme kilichonisaidia

Siku Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, inafilisika, 15 Septemba 2008, mimi niko mwaka wa mwisho chuoni na kwa kweli sikujua hata Lehman ni kitu gani, niliona tu kwenye habari watu wanatoka ofisini na maboksi nikasema poleni nikaendelea na mambo yangu. Miezi michache baadaye namaliza, natuma maombi ya uafisa uhusiano kila ninapopaona, kimya. Heri hata ningekataliwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba sehemu nyingine tangazo la kazi lilibaki kwenye tovuti ila nafasi yenyewe ilishafutwa kitambo, hakuna aliyekumbuka kulitoa.

Nayasema haya kwa sababu kila uchumi ukiyumba wadogo zetu wanaomaliza chuo wanapewa ushauri uleule, kuwa mbunifu, jenga jina mtandaoni, usikate tamaa. Sawa. Mimi yote hayo nilifanya, nikawa naandika kila siku mtandaoni mpaka marafiki wakachoka na mimi, na kazi sikupata. Nilichokuja kuelewa, tena nimechelewa, ni kwamba kwenye mdororo hakuna anayetafuta kipaji chako. Bosi nusu ya timu yake imeondoka, kazi za walioondoka zimebaki mezani kwake, anachotafuta ni mtu wa kumtua mzigo mmoja. Ukimwonyesha ni mzigo gani utamtua, hapo mnaongea.

Elewa kwanza hela inavyokatwa. Uchumi ukibana, matangazo huwa ya kwanza kufyekwa maana kusimamisha tangazo hakuhitaji mwanasheria wala hakuna mtu wa kumlipa kiinua mgongo. Wanafuata mafunzo, safari, na zile kampuni za nje za PR zinazolipwa kila mwezi. Sasa kampuni imekata matangazo ila bado inataka ijulikane, si ndio, na kuna Facebook na Twitter (siku hizi inaitwa X) ambako kufungua akaunti ni bure, basi kwenye kikao mtu mmoja anasema hiyo apewe yule kijana. Ni bure kufungua tu lakini, kuiendesha inakula masaa, na wakubwa hawana masaa wala hamu. Ndio mlango niliopitia mimi. Mwaka 2009 ulikuwa wazi kabisa, kurasa za makampuni kwenye Facebook zilianza mwishoni mwa 2007, hashitegi ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili, kwa hiyo tangazo la kazi likidai uzoefu wa miaka mitano kwenye mitandao ya kijamii ulikuwa unacheka mwenyewe.

Halafu mwaka huohuo wakubwa wakaanza kuogopa, na uoga wa bosi ni rafiki wa mtafuta kazi. Januari ile ndege ya US Airways ilipotua mtoni Hudson, New York, na watu wote 155 wakapona, picha iliyozunguka dunia ilipigwa kwa simu na mtu aliyekuwa kwenye kivuko akaitupia Twitter. Aprili wafanyakazi wawili wa tawi moja la Domino's, wale wauza piza, huko Marekani wakajirekodi wakichafua chakula cha wateja, video ikapanda YouTube, ndani ya siku chache imetazamwa zaidi ya mara milioni moja, mpaka mkuu wa Domino's wa Marekani ikabidi aombe radhi kwa video hukohuko YouTube. Hiyo ya Domino's niliitumia kwenye kila usaili niliowahi kuitwa. Namuuliza tu anayenisaili, hii ikitokea kwenu usiku wa Jumamosi, nani ana neno la siri la akaunti? Kimya kinachofuata hapo kilikuwa kitamu sana.

Lakini usaili wenyewe niliupataje. Kulikuwa na kampuni moja ya huduma, siitaji, ukurasa wao ulikuwa umejaa maswali ya wateja ambayo hayajajibiwa, mengine ni matusi matupu. Nilikaa wiki mbili nakusanya, nikayapanga kwa mafungu, haya ya bei, haya ya kucheleweshewa, haya ya watu waliokatwa hela mara mbili, nikaandika jibu la mfano kwa kila fungu, ukurasa mmoja tu. Sikupeleka HR, yaani idara ya wafanyakazi. HR walikuwa na amri ya kutoajiri, ukiwapelekea wanakujibu kwa heshima na yanaishia hapo. Nilimpelekea meneja mauzo, maana yeye ndiye aliyekuwa anapigiwa simu na wateja waliokasirika na ndiye mauzo yakishuka anaulizwa. Nikamwandikia mistari mitatu: haya ndiyo wateja wenu wanayouliza, haya ndiyo majibu ninayopendekeza, naweza kuwa nafanya hivi kila asubuhi. Akanipa mkataba wa miezi mitatu, nusu siku, pesa kutoka fungu lake mwenyewe, hata neno PR halikuandikwa humo, niliitwa msaidizi wa mauzo. Ukipata cheo cha ajabu namna hiyo chukua bila kujiuliza, kwenye CV utaeleza ulichofanya.

Ndani ya kazi nikagundua kitu ambacho chuoni hawakukisisitiza vya kutosha, hii fani ni kuandika, mengine yote mapambo. Ile taarifa kwa vyombo vya habari inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ni ya 1906, Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, aliiandika baada ya ajali ya treni ya kampuni ya reli ya Marekani, Pennsylvania Railroad, na ujanja wake wote ulikuwa kuwapa waandishi ukweli mapema kabla uvumi haujatangulia. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado watu wanaandika taarifa ambayo aya mbili za mwanzo ni sifa za mkurugenzi. Wakati wa mdororo hili ni kosa kubwa zaidi maana vyumba vya habari navyo vimepunguza watu, mwandishi mmoja anafanya kazi ya watatu, akipata taarifa ina nani, nini, lini na wapi kwenye sentensi mbili za juu, ina nukuu inayosikika kama mtu anaongea na sio mashine, ina picha na namba ya simu inayopokelewa kweli, ataitumia karibu ilivyo. Akipata ndefu ya kusifia anafuta.

Nilichemka pia, tena vibaya. Taarifa yangu ya kwanza niliituma kwa waandishi kama 80 kwa mpigo na nikaweka anwani zote mahali pa kuonekana na kila mtu, basi mmoja akajibu kwa wote akiuliza huyu ni nani, wa pili akajibu kwa wote akiomba aondolewe, na siku nzima simu yangu inalia. Meneja hakunifokea, alinitazama tu, ambayo ni mbaya zaidi. Toka hapo nikawa natuma kwa watu 6 au 7, mmoja mmoja, ambao nimeshasoma kazi zao na najua wanaandika nini. Waliotumia taarifa yangu kati ya hao saba ni wengi kuliko niliowahi kupata kwa wale 80.

Sasa hili lingine ndilo lilinifundisha kazi hasa. Mwezi wangu wa tano pale (mkataba ulishaongezwa) kampuni ikapunguza wafanyakazi. Mimi sikuambiwa, mtoto wa mauzo nani amwambie. Asubuhi watu wanaitwa mmoja mmoja chumba cha mikutano wanatoka wanalia, na saa nne kamili, wakati bado kuna watu hawajaitwa, ukurasa wa kampuni unatoa posti ya kushangilia wafuasi wapya, maputo na rangi, "familia yetu inazidi kukua!" Niliipanga mimi siku tatu kabla ijitoe yenyewe. Komenti ya kwanza ilitoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kupewa barua yake dakika kumi nyuma. Sitaiandika hapa.

Niliifuta, ambalo lilikuwa kosa la pili kwa sababu watu walishaipiga picha, na ukifuta bila kusema kitu inaonekana unaficha. Mchana nikamwomba mkurugenzi dakika tano, nikamwambia tuandike sisi wenyewe idadi ya walioondoka, sababu, na tunawapa nini, tena tuwatumie kwanza waliobaki ndani ndipo tuweke nje. Alikataa mara ya kwanza. Jioni, simu za waandishi zilipozidi, akakubali. Kwa hiyo ukiingia kwenye kampuni wakati wa mdororo, wiki ya kwanza kabisa muulize bosi wako ana kwa ana, kama kuna habari mbaya inakuja nataka nijue kabla ya posti kutoka, sihitaji undani, niambie tu leo tunyamaze. Na hizo programu za kupanga posti zitumie ila kila asubuhi zifungue uone nini kimepangwa kutoka. Watumishi kusikia kwanza kabla ya nje, hilo usikubali kujadiliana.

Vipimo nitasema kidogo. Nilipoanza, kazi yangu mojawapo ilikuwa kukata habari zetu kwenye magazeti na kuzipima kwa rula, urefu kwa upana, halafu unazidisha na bei ya tangazo la ukubwa huo, unampelekea bosi, bosi tumepata habari zenye thamani ya kiasi hiki. Kulikuwa na habari ya kutulalamikia, nayo nikaipima, ikaingia kwenye jumla kama faida! Mwaka 2010 watu wa fani walikutana Barcelona wakakubaliana kwamba kipimo hicho sio thamani ya PR, na bado kuna maofisi yanaendelea nacho. Wewe mwanzoni hesabu vitu ambavyo mtu wa fedha ataelewa bila kuelezwa: mwezi huu wateja wangapi walijibiwa ndani ya saa moja, simu za malalamiko zimepungua kwa ngapi, wangapi walioingia kuuliza bei wametokea kwenye ukurasa. Mimi ripoti yangu ilikuwa nusu ukurasa kila Ijumaa, hakuna aliyeniomba, na mkataba ulipofika mwisho ndiyo iliyosomwa.

Wafuasi wa kununua achana nao. Kiki pia, ile ya kuzua jambo ili mtajwe, huku watu wamepoteza kazi na wana hasira za karibu, utajuta.

Kuna suala la kufanya kazi bure, na hapa najua nitapingwa. Mimi nilifanya bure ile ya wiki mbili tu, na ilikuwa kazi yangu mwenyewe, niliweza kwenda nayo kwa mwingine wangekataa. Hiyo naikubali. Kujitolea miezi sita ofisini kwa mtu kwa ahadi ya "tutaona" siikubali, maana kampuni ikishajua kazi hiyo inafanyika bila kulipa itatafuta wa kujitolea mwingine ukiondoka. Ukilazimika, andikianeni hata kwa imeili, tarehe ya mwisho, na kwamba ulichokifanya unaruhusiwa kukionyesha unapoomba kazi. Wengi wanamaliza kujitolea hawana hata posti moja ya kuonyesha kwa sababu hawakuomba ruhusa.

Na akaunti za kampuni zifungue kwa imeili ya kampuni, tafadhali. Mimi ukurasa wa pili niliufungua kwa akaunti yangu binafsi kwa sababu ilikuwa haraka, miezi ikapita, siku nachukua likizo hakuna mwingine anayeweza kuingia, wakadhani nimeuteka makusudi. Tuliyamaliza, ila kuna mtu pale mpaka leo nadhani haniamini.

Kuhusu hela, wanaoanza kazi kwenye mdororo mara nyingi mshahara wao unabaki nyuma kwa miaka kadhaa hata uchumi ukishasimama, sio kwa ubaya wa mtu, ni kwamba kila nyongeza inahesabiwa kutoka palepale pa chini ulipoanzia. Mimi nilipokea kidogo nikashukuru nikanyamaza, mambo yalipotengemaa wakaajiri mtu kutoka nje, juu yangu, kwa kazi niliyokuwa naifanya tayari, na mimi nikapewa jukumu la kumwelekeza. Inauma hiyo. Ukisaini mkataba wa pesa ndogo omba mstari mmoja uandikwe humo, kwamba baada ya miezi sita tutakaa tuangalie upya mshahara, na uweke tarehe yenyewe. Mimi ilibidi nije kuomba bila mstari huo, mwaka na nusu baadaye, nikaambatanisha zile ripoti zote za Ijumaa kwenye imeili moja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, maneno manne tu, njoo tuongee kesho asubuhi.