Mbegu ikiota usiridhike, tazama mzizi

Nyinyi mnaoanza mwaka huu kupima sumu ya madini mazito kwenye miche ya mpunga, nianze na habari ya maji, maana ndiyo yaliyonipotezea msimu mzima.

Jaribio langu la mwanzo nilitumia maji ya mfereji. Nikachanganya risasi (madini ya lead, mojawapo ya hayo mazito), nikapanga mbegu kwenye sahani zenye karatasi ya kuchujia, na siku ya saba miche imesimama kama ya bondeni. Nikaamini mbegu yetu ni sugu. Kumbe maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa chokaa. Kabonati huigandisha risasi ikatuama chini, na kalisi iliyomo kwenye chokaa hushindana na kadimi, madini mazito mengine, kuingia mzizini. Tumieni maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, na pimeni pH, kipimo cha uchachu wa maji, kila mara. Hata maji ya mbolea yachungeni: fosfati na salfati nazo huikamata risasi.

Kwenye mizani pia wengi huteleza. Ukitaka miligramu 100 za risasi kwa lita, pima karibu miligramu 160 za nitrati ya risasi. Ukipima 100 za chumvi hiyo, risasi yenyewe ni kama 63 tu. Na sahani za kulinganishia, zisizo na risasi, zitieni nitrati kiasi kile kile kutoka chumvi nyengine, ili tofauti iwe ya risasi tu.

Sasa mzizi. Mbegu huota kwa akiba yake, na ganda huzuia sumu kiasi isikifikie kiini. Nilipofungua sahani za kadimi, mbegu karibu zote zilikuwa zimeota. Lau ningehesabu hizo tu ningeandika kuwa hapana madhara. Lakini mizizi ilikuwa mifupi, minene, ncha zimegeuka kahawia, na vimizizi vya pembeni havipo. Pimeni urefu wake kwa rula, halafu ikausheni muipime uzito. Majani hugeuka manjano baadaye, kwa kuwa kadimi huuvuruga mmea kupata chuma.

Shaba na zinki mmea unavihitaji kidogo, kwa hiyo kipimo cha chini kikikuza mche msikifute.

Na mabaki, nawaombeni sana, yatieni kwenye dumu lenye kifuniko, mliandike. Mwamba wetu una matundu, kinachomwagwa juu kinashuka visimani tunakokunywa. Niliambiwa nimwage nyuma ya jengo, nikakataa. Dumu langu lilikaa chini ya meza mpaka lilipopatiwa pahala pa kupelekwa.